Kola laini, kola ngumu na kamba ya mlangoni: tumevipima vifaa vya shingo vinavyouzwa Tanga

Ingia famasi ya katikati ya mji wa Tanga, mwambie muuzaji kwamba shingo imekaza na mikono inakufa ganzi. Mara nyingi utatoka na mfuko wenye vitu vitatu: vidonge vya maumivu, vitamini B na kola ya sponji. Ukionyesha kwamba pesa unayo, utaoneshwa picha kwenye simu: kola ya kupuliza yenye ghorofa tatu, au kamba ya kuvutia shingo inayotundikwa mlangoni. Hizo huagizwa Dar es Salaam na kuletwa na basi kama kifurushi. Vifaa hivi tumevipima kimoja kimoja kwa swali ambalo mteja haulizwi pale kaunta: kama ugwe mgongo wake umebanwa, kitu hiki kitamfanya nini?

Ugwe mgongo ni ule mkanda wa mishipa ya fahamu unaoshuka kutoka ubongoni na kupita ndani ya uti wa mgongo, kama waya ndani ya bomba. Shingoni bomba hilo limejengwa kwa pingili 7. Kwa mtu mzima wa kawaida, nafasi ya katikati ya shingo, kutoka mbele kwenda nyuma, ni milimita 17 hadi 18 hivi, na ugwe wenyewe unachukua karibu 8. Nafasi ikishuka chini ya 13 huhesabiwa kuwa nyembamba. Ikishuka chini ya 10, ugwe hauna pa kujibanza. Wanaokula nafasi hiyo hushirikiana: diski, yaani kimto kilicho kati ya pingili na pingili, iliyokauka na kubinukia nyuma, vijifupa vinavyoota pembezoni mwa pingili, kano za nyuma zinazonenepa na kukunjamana, na kwa baadhi ya watu kano iliyo mbele ya ugwe hugeuka mfupa kabisa. Wapo pia waliozaliwa na tundu dogo, kwa hiyo hawana akiba tangu mwanzo. Panapobana zaidi ni kati ya pingili ya 5 na ya 6. Madaktari huuita ugonjwa huu mailopathi ya shingo, na ndiyo sababu inayoongoza ya ugwe kuharibika kwa watu wazima.

Kinachowapoteza watu ni kwamba shingo yenyewe yaweza isiume hata kidogo. Dalili zinatokea mbali na panapobanwa. Mzee anashindwa kufunga vifungo vidogo vya kanzu, anasema macho yamechoka. Mama anayesuka ukili anaona mkeka unakwenda mshazari na vidole havishiki mstari. Sarafu zinaponyoka wakati wa kutoa nauli ya daladala, na namba ya siri ya simu inakosewa mara tatu kwa sababu kidole kinagusa pembeni. Halafu miguu: inakaza, inakuwa mizito, mtu anatembea amepanua hatua kama aliye kwenye sitaha ya jahazi. Ishara moja tunaomba kila nyumba iijue. Kandambili inavuka mguuni na mwenyewe hajui mpaka aambiwe. Wengine wanapoinamisha kidevu kifuani, wakati wa rukuu au wakiokota kitu, wanapigwa na shoti ya umeme inayoshuka mgongoni hadi miguuni. Haja ndogo inaanza kuwa ya haraka haraka, au inakataa kutoka.

Kwa hiyo mtu hutibiwa kisukari, hutibiwa mshipa wa kiganja uliobanwa, huambiwa ni uzee. Utafiti mmoja uliofuatilia wagonjwa wa aina hii uliona kwamba kutoka dalili ya kwanza hadi jina sahihi la ugonjwa kulipita zaidi ya miaka miwili kwa wastani. Miaka miwili ya kola ya sponji ni mingi mno. Ugwe uliobanwa kwa muda mrefu haurudi wote hata ukifunguliwa.

Basi kabla ya kutoa pochi, pima mikono. Hakuna kinachohitajika zaidi ya simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Nyoosha mikono mbele, kunja ngumi kabisa, fungua vidole kabisa, kunja tena, kwa kasi yote uliyonayo. Mtu mzima asiye na tatizo hufikisha mara 20 au zaidi ndani ya sekunde 10. Asiyefika 20, au anayefungua vidole kwa kuvuta kiganja kizima kama aliyeshika kitu kizito, ana sababu ya kuchunguzwa. Kisha nyoosha vidole, uvibane pamoja, viganja vikitazama chini, ukae hivyo nusu dakika. Kidole kidogo kikijitenga chenyewe na kukataa kurudi, hiyo ni dalili ya pili. Ya tatu ni kutembea juu ya mstari wa vigae, kisigino kikigusa ncha ya vidole vya mguu mwingine, hatua 10. Mtu mwingine akae karibu tayari kukudaka. Ya nne wengi wanaifanya bila kujua: anayefumba macho akinawa uso wakati wa udhu na kujikuta anayumba hadi ashike ukuta, miguu yake haipeleki tena habari juu.

Pia tofautisha na jamaa yake wa karibu. Mshipa mmoja unaotoka pembeni mwa shingo ukibanwa, maumivu hushuka mkono mmoja hadi kwenye vidole fulani, makali kama jino, na miguu haina habari. Hilo linauma zaidi lakini linatisha kidogo, na wengi hupona ndani ya wiki au miezi michache bila kisu. Ugwe ukibanwa, maumivu huwa madogo na ulemavu ndio mkubwa. Wanunuzi wa vifaa hivi wamechanganyika, wa kundi la kwanza na wa kundi la pili, na hapo ndipo madhara yanapoanzia.

Tuanze na kola laini. Ni kipande cha sponji kilichovikwa soksi ya pamba na kufungwa nyuma kwa velkro. Ni nyepesi, inafulika, ni rahisi kuliko vyote tunavyovitaja hapa, na inamkumbusha mtu asigeuze shingo ghafla. Lakini haizuii. Vipimo vilivyofanywa Marekani miaka ya 1970 kwa picha za eksirei vilionyesha kwamba kola ya aina hii hupunguza kuinama na kuinua kichwa kwa karibu robo tu. Robo tatu iliyobaki shingo inajiendea. Kwa shingo iliyokaza kwa kulala vibaya, ivae siku chache, isizidi wiki 1 au 2, tena kwa kuivua mara kadhaa kutwa. Ukipitiliza, misuli ya shingo inalegea na ukiivua unajiona kichwa kimekuwa kizito kuliko zamani.

Kasoro kubwa ya kola laini kama inavyouzwa hapa ni kipimo. Muuzaji hufikia iliyo karibu. Kola ndefu mno hukisukuma kidevu juu, na shingo ikipinda nyuma lile tundu la ugwe linazidi kuwa dogo, kwa sababu kano za nyuma zinakunjamana kuelekea ndani. Yaani kola isiyo saizi yako inaweza kuubana ugwe kidogo zaidi kila saa unayoivaa, huku ukiona unajitibu. Nenda na tepu ya fundi cherehani. Zungusha shingoni usawa wa koromeo upate duara. Kisha, kichwa kikiwa kimenyooka, pima wima kutoka chini ya kidevu hadi kwenye kishimo kilicho juu ya mfupa wa kifua. Ukishaivaa, macho yatazame usawa, kama msomaji wa kibao cha duka la ng'ambo ya barabara. Ukijikuta unatazama dari, irudishe rafuni. Sehemu iliyobonyea inakaa chini ya kidevu na velkro inakuja kisogoni. Ukiona mbele panakukaba, huenda umeigeuza.

Tunaipa 6 kati ya 10 kwa shingo iliyokaza, na 2 kwa ugwe uliobanwa. Hizo 2 ni za ndani ya basi, na tutarudi kwenye basi.

Kola ngumu, inayojulikana kwa jina la Philadelphia, ni kitu kingine kabisa. Ina vipande viwili vya povu gumu vyenye ubao wa plastiki: cha mbele kina kiti cha kidevu na tundu la koo, cha nyuma kinakumbata kisogo, na vinashikana kwa velkro pande zote mbili. Katika vipimo vile vile ilizuia karibu asilimia 70 ya kuinama na kuinua kichwa. Huuzwa kwa urefu wa inchi 2 na robo, 3 na robo, 4 na robo na 5 na robo, na kila urefu una upana wake. Kwa hiyo anayekwambia ipo saizi moja tu inayowafaa wote anakuuzia iliyobaki stoo.

Kazi yake halali ni mbili: shingo iliyoumia kwa ajali, na siku za baada ya upasuaji kwa mgonjwa ambaye daktari wake ameiandika. Siku hizi madaktari wengi hawaiandiki tena baada ya upasuaji mdogo wa diski moja. Si kifaa cha kuvaa kwa hiari mwaka mzima. Kwa aliyeanguka mnazi huko Pangani, au aliyerushwa na bodaboda, usimkalishe ili umvalishe kola. Piga magoti kichwani pake, shika kichwa kwa mikono miwili kikiwa usawa wa mwili, mwambie asijibu kwa kutikisa kichwa, na asubiriwe hadi wapatikane watu wanne au watano wa kumgeuza kama gogo, kwa hesabu moja, alazwe juu ya ubao. Kola bila kushikwa kichwa haitoshi, na kichwa kikishikwa vizuri, kola inaweza kusubiri anayejua kuifunga. Na mzee aliyeanguka kifudifudi akagonga paji la uso, kisha mikono ikawa dhaifu kuliko miguu, asirudishwe nyumbani kwa sababu tu eksirei imeonyesha mifupa mizima. Kwa mwenye tundu jembamba, ugwe huumia hata pasipovunjika kitu.

Joto la Tanga nalo halina huruma na kola ngumu. Jasho likikaa chini ya povu, ngozi inalainika, inachubuka, kisha inatoboka: kidevuni, kisogoni, juu ya mitulinga. Kila siku mgonjwa alale chali bila mto, mmoja ashike kichwa, mwingine afungue kipande kimoja, asafishe ngozi kwa maji na sabuni kidogo, akaushe kwa kitambaa, atazame wekundu, kisha arudishe kipande hicho kabla ya kufungua cha pili. Wekundu usiotoka baada ya nusu saa ni kidonda kinachoanza. Usipake mafuta ya nazi chini yake, maana povu linayanyonya na kuteleza. Kwa kazi yake halali tunaipa 8. Kwa aliyejinunulia tu, hatuipi kitu.

Sasa vile viwili vya kuvuta, ambavyo ndivyo vilivyotufanya tuandike.

Kamba ya mlangoni ina kiango cha chuma kinachopachikwa juu ya mlango, kapi, kamba, hatamu ya kitambaa inayopita chini ya kidevu na nyuma ya kisogo, na mfuko wa maji wenye mistari iliyoandikwa kwa pauni, mara nyingi hadi 20, ambazo ni kama kilo 9. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 na nusu hadi 5. Kwa aliyeketi, maana yake ni kwamba uzito ulio chini ya hapo unabeba kichwa tu, haufungui pingili. Juu ya hapo ndipo kuvuta kunapoanza. Mtaalamu wa fiziotherapia akimtibu mwenye mshipa mmoja wa mkono uliobanwa huanza na uzito mdogo, dakika chache, akiuliza kila mara mkono unasemaje, na huacha mara tu maumivu yanapokimbilia vidoleni badala ya kupanda juu.

Nyumbani mambo hayaendi hivyo. Mistari ya pauni husomwa kama kilo. Mfuko unajazwa hadi juu kwa imani kwamba mzito ndio wenye nguvu. Mtu anaketi akiwa amegeuzia mlango mgongo, wakati anatakiwa autazame, na kamba inamvuta kwa nyuma: shingo inapinda kule kule kunakopunguza nafasi ya ugwe. Hatamu inakaza kidevu hadi taya linauma kwa wiki. Kiango hakikai vizuri kwenye mlango mnene wa mbao, na mtoto anaweza kusukuma mlango huo kutoka upande wa pili mama akiwa amefungwa kichwa. Haya yote ni makosa ya kutumia. Lipo jingine ambalo hata utumie kwa ustadi gani haliondoki: ugwe uliobanwa umelazwa juu ya vijifupa kama kamba juu ya ukingo wa kisima, na kuuvuta ni kuukwangua ulipo. Kwa mwenye dalili za ugwe, kuvutwa shingo ni marufuku. Vile vile kwa mwenye kifua kikuu cha mifupa, saratani, mifupa iliyolegea kwa umri, au baridi yabisi ya muda mrefu inayolegeza pingili za juu. Anayeuza hana njia ya kuwajua hawa kwa kuwatazama. Alama: 0, isipokuwa mikononi mwa mtaalamu aliyekwisha kukagua shingo.

Ya kupuliza ni kola ya mpira yenye pete tatu na kibofu cha kubonyeza kama cha mashine ya presha. Inavuta kwa kusukuma kidevu na mabega yaachane. Haina kipimo chochote cha nguvu, na wakati mwingine inabana mishipa ya damu pembeni mwa koo hadi mtu aone kizunguzungu. Ushauri wetu ni ule ule.

Mito ya shingo haina ubaya. Chagua inayofanya uso usitazame juu wala usiinamie kifua ukilala chali. Mikanda inayojipasha joto tunaikataa kwa sababu moja tu: ngozi iliyokufa ganzi haijui moto, na mtu anagundua ameungua anapoona lengelenge. Vitamini B zina kazi kwa aliyepungukiwa, lakini hazipanui tundu, na B6 nyingi ikitumiwa kwa muda mrefu huleta yenyewe ganzi ile ile uliyoinunulia dawa. Kuhusu vinyozi wanaomalizia kwa kukandakanda kichwa kisha kukizungusha ghafla mpaka kilie, tunasema kwa heshima zote kwa kazi yao: mwambie mapema, "Kaka, shingo usiguse." Kugeuzwa kwa ghafla kunaweza kumfanya aliyekuwa anatembea kwa shida asitembee tena siku hiyo hiyo.

Kama kuna huduma ya kulipia kwanza, ni ile ya kinyundo cha mpira. Nenda zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, na uhakikishe anayekuona anafanya haya: anagonga viwiko, vifundo vya mikono, magoti na visigino kuona kama viungo vinaruka kupita kiasi, anachapua kucha ya kidole chako cha kati kutazama kama gumba litajikunja lenyewe, anakwaruza wayo kwa ncha ya ufunguo kuona kama dole gumba la mguu litainuka juu, na anakutazama ukitembea. Kisukari kinachokula mishipa hufanya viungo visiruke. Ugwe uliobanwa huvifanya viruke sana. Tofauti hiyo moja huokoa miaka. Uchunguzi uliofanywa kwa wagonjwa hawa ulipanga mambo matano: mwendo ulioharibika, kidole gumba kinachojikunja, vidole kukunjwa pale kifundo cha mkono kinapogongwa, wayo unaoinua dole, na umri unaozidi miaka 45. Aliye na matatu kati ya hayo karibu hana shaka tena. Aliye na moja tu, au asiye na lolote, huenda tatizo liko kwingine. Hakuna kifaa rafuni kinachotoa habari nyingi hivyo kwa dakika tano.

Damu nayo ipimwe: sukari, vitamini B12, VVU na kaswende, maana vyote hivyo vinaweza kuiga. Mwenye homa za usiku, kukonda na shingo inayouma usiku kuliko mchana achunguzwe kifua kikuu cha mifupa, ambacho dawa zake nchini hutolewa bure. Eksirei inaonyesha mifupa, haionyeshi ugwe, na karibu kila mzee ana vijifupa shingoni bila tatizo lolote, kwa hiyo eksirei peke yake haithibitishi wala haikanushi. Kinachouonyesha ugwe ni MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Kipimo cha CT, yaani eksirei inayopigwa kwa vipande vipande, husaidia pale MRI haiwezekani, au pale inapotakiwa kujulikana kama kano imegeuka mfupa.

Ukifika kwa mtaalamu, uliza alama zako. Kipo kipimo cha pointi 18: mikono 5, miguu 7, hisia za mikono 3, mkojo 3. Pointi 15 hadi 17 ni hali nyepesi, 12 hadi 14 ni ya kati, 11 kushuka chini ni kali. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa 2017 unashauri upasuaji kwa hali ya kati na kali. Kwa nyepesi, mgonjwa huchagua kati ya upasuaji na mazoezi tiba yanayosimamiwa, kwa sharti kwamba akizidiwa anapasuliwa. Aliyeonekana amebanwa kwenye picha lakini hana dalili hata moja hapasuliwi kwa kinga. Anafundishwa dalili na kufuatiliwa.

Upasuaji hufanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam. Njia ya mbele hupita pembeni mwa koo, diski inatolewa na pingili mbili zinaunganishwa. Hufaa panapobana sehemu moja au mbili. Njia ya nyuma huondoa au kufungua kama mlango paa la pingili kadhaa. Hufaa panapobana sehemu nyingi. Baada ya njia ya mbele, kumeza kunasumbua kwa siku au wiki kadhaa na sauti inaweza kukwama. Baada ya yoyote, wachache hupata udhaifu wa bega, ambao kwa wengi hurudi ndani ya miezi. Lengo la kwanza ni kuzuia ugonjwa usiendelee. Wengi hupata nafuu juu ya hapo, na nafuu kubwa huja ndani ya miezi 6 hadi 12. Anayevuta sigara aache kabla, kwa sababu moshi unachelewesha mifupa kuungana.

Wakati wa kusubiri tarehe, ndoo ya lita 20 isipande tena kichwani: ni kilo 20 juu ya pingili hizo 7. Baiskeli ipumzike, kwa sababu ya kuanguka zaidi kuliko shingo. Anayesali aketi kwenye kiti kama rukuu inaleta shoti. Na ukilazwa popote kwa upasuaji mwingine, hata wa ngiri, mwambie wa dawa ya usingizi habari za shingo yako kabla hajakulaza, kwa kuwa ili kupitisha mpira wa kupumulia watu huinua kidevu na kupinda shingo nyuma. Mkojo ukikataa kutoka, au miguu ikizidi kudhoofika ndani ya siku chache, tarehe haingojwi. Unaondoka siku hiyo hiyo.

Basi ndipo kola laini inapopata kazi yake. Kutoka Tanga kupitia Segera na Chalinze ni kilomita 350 hivi, na matuta si haba. Kata tiketi ya kiti cha katikati, si cha nyuma kabisa ambako kila tuta linarusha. Vaa kola iliyopimwa kwa tepu, maana abiria aliyesinzia kichwa kinaanguka mbele na kurushwa nyuma kila dereva akifunga breki. Ukifika, ivue. Beba picha zenyewe pamoja na majibu yaliyoandikwa, dawa zote ndani ya maboksi yake, barua ya rufaa na kadi ya bima. Nguo za kurudia ziwe za kufunguka mbele, shati au gauni la vifungo, maana fulana haipiti juu ya shingo iliyoshonwa. Vifungo viwe vikubwa.